Mwenye Vidole na Mwenye Gitaa

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Nataka tuongelee kutu.

Mjomba wangu anakaa Tanga, karibu na bahari kiasi kwamba usiku upepo ukigeuka unasikia harufu ya mwani hadi chumbani. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema kuna mzigo ameupakia kwenye basi, niende kuupokea stendi. Mzigo wenyewe ulikuwa gitaa la umeme, limeviringishwa shuka la zamani, juu yake gunia, juu ya gunia kamba ya katani. Maagizo yalikuwa mafupi: "Liuze, mjomba. Usishuke chini ya laki tatu." Hela anazitaka kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho na hospitali wameshampa tarehe.

Nikalipeleka Kariakoo kwa jamaa anayenunua vyombo vya muziki vilivyotumika. Hata hakulichomeka kwenye amplifaya. Alilitazama shingoni, akapitisha kidole, kisha akanionyesha weusi na ukijani uliobaki kidoleni. "Kaka, hili limeoza. Vyuma vyote vimeliwa na kutu. Nakupa elfu sitini, nikatoe spea."

Nikarudi nalo nyumbani. Jioni nikampigia mjomba, shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akacheka sana. "Mwambie huyo bwana hajui anachokiuza. Freti hazishiki kutu. Zinazoshika kutu ni nyuzi. Wewe futa, utaona."

Kazi yangu ni kuuliza maswali, kwa hiyo hata mjomba sikumwamini moja kwa moja. Nikaanza kusoma. Nilikuwa natafuta namna ya kusafisha gitaa, nikajikuta nimeingia kwenye historia ya muziki wetu wa dansi kwa mlango wa nyuma.

Kwa wasiopiga gitaa: freti ni vile vijiti vya chuma vilivyolazwa shingoni kama mataruma ya reli. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, sehemu ya uzi inayotetemeka inakuwa fupi na sauti inapanda. Freti ya 12 iko nusu kabisa ya urefu wa uzi, na hapo unapata sauti ileile ya uzi mtupu, ila imepanda ngazi nzima. Nafasi kati ya freti na freti haziwekwi kwa kubahatisha. Mwaka 1581 Mtaliano mmoja, Vincenzo Galilei, aliandika kanuni rahisi: gawa urefu wa uzi mara 18, freti ya kwanza iweke mwisho wa sehemu moja, kisha gawa urefu uliobaki mara 18 tena, endelea hivyo. Huyo Vincenzo ndiye baba yake Galileo, yule wa darubini. Mafundi wa leo wanatumia 17.817 badala ya 18, lakini wazo ni lilelile.

Wakati wa Vincenzo, freti za vinanda vingi vya Ulaya zilikuwa utumbo wa kondoo uliofungwa kuzunguka shingo. Zikichakaa unafungua na kufunga mpya. Baadaye zikaja za kudumu, zilizopigwa ndani ya mbao: za pembe, za shaba nyeupe na nyekundu. Halafu miaka ya 1820 Wajerumani wakafanikiwa kutengeneza mchanganyiko wa madini uliokuwa ukitoka China kwa bei kubwa. Ukapewa jina la fedha ya Kijerumani, ingawa hauna fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki. Unang'aa kama fedha, ni mgumu kiasi, na fundi anaweza kuuchonga bila kupoteza siku nzima. Freti za magitaa mengi duniani mpaka leo zinatengenezwa kwa mchanganyiko huo, na zaidi ya nusu yake ni shaba.

Sasa hapo ndipo mjomba alipomshinda yule jamaa wa Kariakoo. Kutu, ile nyekundu inayokula bati na misumari, ni chuma kilichokutana na hewa na maji. Fedha ya Kijerumani haina chuma ndani yake. Haiwezi kushika kutu hiyo. Inachofanya ni kufifia, kuwa nyeusi, na shaba iliyomo kutoa ule ukijani unaouona kwenye sarafu za zamani. Kiswahili chetu kinaita vyote hivyo kutu, na ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kukuogopesha kwa neno moja. Lakini moja ni ugonjwa na nyingine ni uchafu. Nyekundu inakula chuma mpaka ndani. Ile ya kijani kwenye freti inakaa juu tu, na kitambaa kinaiondoa.

Basi ule wekundu niliouona kwenye freti za mjomba ulitoka wapi? Ulitoka kwenye nyuzi. Na nyuzi za chuma zilifikaje kwenye gitaa la mtu wa pwani? Hiyo nayo ina historia yake.

Vinanda vya zamani vya pwani yetu havikuwa na shida hii. Udi, ambao ndio ala ya heshima katika taarab ya Unguja tangu enzi za Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, hauna freti kabisa. Kidole ndicho kinachotafuta sauti. Na gambusi, ndugu yake mdogo aliyewambwa ngozi, vilevile hana. Nyuzi zake za asili zilikuwa za utumbo. Upepo wa bahari ungeweza kulegeza nyuzi na kuharibu mlio, lakini hapakuwa na chuma cha kula.

Umeme ndio uliofanya chuma kiwe cha lazima. Mwaka 1931 kule Los Angeles, Marekani, mwanamuziki George Beauchamp na wenzake walitengeneza gitaa lenye sumaku na waya wa shaba uliosokotwa kuizunguka. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, unazalisha umeme kidogo kwenye ule waya, na umeme huo unapelekwa kwenye amplifaya. Hati ya kulinda ugunduzi huo aliipata mwaka 1937. Cha kuchekesha ni kwamba gitaa lile la kwanza, lililopachikwa jina la kikaangio kwa umbo lake, lililazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma kilichoteleza juu ya nyuzi, wala vidole havikuhitaji kubonyeza freti. Lakini kanuni yake ilikuwa na sharti moja lisilokwepeka: uzi lazima uwe wa chuma. Sumaku haiusikii utumbo wala nailoni. Kila mtu aliyetaka gitaa la umeme, awe Chicago au Chang'ombe, alipokea pamoja nalo nyuzi sita za chuma. Na anayekaa kando ya bahari akapokea pamoja nazo kutu.

Huku kwetu gitaa lilitangulia umeme. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Katanga, akipiga "Masanga" kwa gitaa kavu, lile ambalo wazee wengi wa hapa wanaliita galatoni. Katanga ndiyo nchi ya shaba, na tangu mwaka 1971 mpaka 1997 mkoa ule uliitwa hivyo hivyo: Shaba, neno la Kiswahili. Huko ndiko walikotoka pia Orchestra Maquis kabla ya kuja kuishi Dar es Salaam miaka ya 1970. Kenya, Fundi Konde anatajwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kulichomeka gitaa kwenye umeme. Hapa kwetu Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu 1932 na Morogoro Jazz tangu 1944. Kufika miaka ya 1960 sauti ya gitaa la umeme ndiyo ikawa sauti ya dansi: solo, rizimu, besi.

Na hapa ndipo linapokuja swali ambalo vipindi vya zilipendwa haviliulizi. Magitaa yale yalikuwa ya nani?

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kilianzisha NUTA Jazz. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, na mshahara wao. Vyombo vilikuwa mali ya chama. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA bendi ikawa JUWATA Jazz, kilipogeuka kuwa OTTU ikawa OTTU Jazz, na baadaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi walikuwa na yao, jeshi lilikuwa na yake, JKT nayo. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS. Mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akaja na vyombo vipya, akawachukua baadhi ya wanamuziki wake wakubwa, akina Muhiddin Maalim Gurumo, kuunda bendi mpya ya International Orchestra Safari Sound. Mwandishi anayefuatilia nani alihama kwenda wapi mwaka gani anaweza kupata kizunguzungu. Lakini ukifuatilia vyombo badala ya watu, picha inaeleweka haraka. Watu walikwenda vilipo vyombo.

Mfano mkubwa kuliko yote uko mbele ya macho yetu na hatuuoni. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Congo, alikuja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Mwaka 1988 akaenda Uingereza kwa mwaliko wa WOMAD, na mwaka uliofuata santuri yake ya Real World ikatoka, inayohusu mtu maskini tangu kwenye jina lake. Na Matimila ni nani? Ni mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Mwimbaji wa wanyonge alizunguka dunia akiwa na jina la mwenye magitaa. Sisemi hivi kumkejeli Mzee Remmy, aliyefariki Desemba 2010. Nasema kwa sababu jina lile linaeleza uchumi wa muziki wetu kuliko vitabu vingi.

Tusiwalaumu tu wenye vyombo. Kijana wa miaka ya 1970 asingeweza kununua gitaa la umeme, amplifaya na spika kwa mfuko wake. Na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na mafuta kupanda bei, fedha za kigeni zilikauka nchini. Hata aliyekuwa na shilingi hakuwa na namna ya kuagiza. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa. Bila chama cha wafanyakazi, jeshi na mashirika, nyimbo nyingi tunazozipenda zisingekuwepo. Lakini kitu cha ofisi kinatunzwa kama kitu cha ofisi.

Mjomba alipiga rizimu kwenye bendi ya shirika moja la umma, bora nisilitaje. Nilimuuliza magitaa yalitunzwaje. "Yalikuwa na namba," akasema. Namba ya rangi nyeupe nyuma ya mwili wa gitaa, kama meza na viti. Ijumaa unasaini leja kwa mtunza stoo, Jumatatu unarudisha. Kati ya hapo umepiga usiku tatu, umetoa jasho mpaka mkanda umelowa. Jasho ni chumvi. Gitaa linafungiwa ndani ya sanduku likiwa bado na unyevu, stoo ina bati na haina dirisha, na bahari iko kilomita mbili. Ukitaka kutengeneza kutu kwa makusudi, hujui njia nzuri kuliko hiyo.

Nyuzi mpya hazikupatikana. Walizichemsha. Ndiyo, kwenye sufuria, na maji ya moto yalitoa mafuta na jasho, mlio ukarudi kwa siku chache. Uzi mwembamba ukikatika walifumua waya wa breki ya baiskeli, wakachukua nyuzi moja ya ndani. "Ulikuwa unakata vidole," anasema mjomba, "na ulikuwa unazila freti vilevile, maana waya ule ni mgumu." Lakini kila usiku, kabla ya kulifunga, alilifuta gitaa shingoni kwa shati lake la ndani. Hakuna aliyemwagiza. Shirika halikuwa na bajeti ya kitambaa.

Miaka ya 1990 shirika likafa, kama mengi yalivyokufa au kubinafsishwa. Bendi ikavunjwa. Wanamuziki walidai mishahara ya miezi kadhaa, na mwisho wakaambiwa wagawane vyombo. Mjomba akapewa gitaa aliloshika kwa miaka kumi na moja. Siku liliyokuwa lake ndiyo siku ambayo hakuwa na bendi ya kulipigia. Akalichukua mpaka Tanga, na namba ya shirika ipo nyuma mpaka leo.

Basi nikaanza kazi. Wanaotaka kufanya nyumbani wasikilize. Legeza nyuzi polepole, zote kwa pamoja, usizikate zikiwa zimekazwa. Zile za mjomba zilikuwa nyekundu, nikazitupa. Ziba sumaku kwa selotepu, hili ni muhimu, nitaeleza. Ziba mbao kati ya freti na freti kwa ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ili kibaki kijiti cha freti peke yake. Kisha sugua. Stilwaya ya jikoni usiiguse, itaacha mikwaruzo utakayoihisi kidoleni kila ukivuta uzi. Kuna ile laini sana ya mafundi wa samani, yenye alama ya sifuri nne. Sugua kwa kufuata urefu wa freti, bila nguvu. Vumbi lake ni chuma, na ndiyo maana umeziba sumaku. Likiingia humo halitoki. Kama huna hiyo, Brasso kidogo kwenye kitambaa, ile ile ya askari na vifungo vyao, ila isiguse mbao. Malizia na kitambaa kikavu. Skrubu na kile chuma kinachoshikilia nyuzi upande wa chini, hivyo ni kutu ya kweli. Vingine nilibadilisha.

Saa mbili na nusu. Freti zote 21 zikang'aa kama vijiko vya harusi. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho uchafu ulikuwa umekificha. Kwenye freti tatu za kwanza, chini ya nyuzi nyembamba, kuna vishimo. Ni pale ambapo mpiga rizimu anakaa na kodi zake usiku kucha. Freti za juu, ambako solo anapanda, ni nzima kama zilivyotoka kiwandani. Ungeweza kumwambia mtu hajawahi kumwona mjomba, akaangalia shingo lile na kusema: huyu alikuwa rizimu.

Fundi mmoja wa Magomeni aliniambia anaweza kuzipiga tupa freti zote zilingane, vishimo vipotee. Ni kazi halali, na gitaa litapigika vizuri zaidi. Nilimuuliza mjomba. Akafikiri kidogo kwenye simu. "Muachie atakayelinunua aamue. Litakuwa la kwake."

Aliyelinunua ni kijana anayepiga kwenye kwaya ya kanisa Mbagala. Alikuja na kebo yake, akalichomeka, akapiga kwa nusu saa bila kusema neno. Vishimo aliviona. Akauliza ni vya nini, nikamweleza, akavipitisha kidole kimoja kimoja. Kuhusu tupa akasema ataangalia. Tulikubaliana laki mbili na tisini. Akaomba risiti, na akaomba iandikwe jina lake, siyo la kanisa. Nikaandika. Nikamuuliza namba ya nyuma aifute au aiache. Akasema atapaka rangi mwili mzima, hataki watu wafikiri ameiba kwenye ofisi.

Mjomba nilimtumia hela jioni ile ile. Akanipigia kunishukuru, kisha akanikumbusha kwamba alisema laki tatu, na ile elfu kumi anaisubiri kwangu. Nimeshaituma.

Wadau, wazee waliopiga vyombo hivi bado wapo, wengine mitaa miwili tu kutoka kwenu. Mkiwahoji msiishie kwenye nani aliimba na bendi gani. Waulizeni gitaa lilikuwa la nani, na Jumatatu lilirudi wapi.